Makwapa ya Dada Nyamizi

Kinachoonekana kwenye josho hakisemwi. Nimeosha maiti wa kike wa kutosha kulijua hilo, na mdomo wangu naweza kuufunga nikitaka. Ila hili nitalisema, maana mwenyewe angekuwepo angelisema kabla yangu, tena kwa kicheko. Tulipomwosha dada yangu Nyamizi, mimi nilishika upande wa kulia. Nikamwinua mkono ili apitishwe maji, nikaona kwapani alama tatu ndogo nyeusi zilizokaa pamoja, ngozi imejikunja kidogo pembeni yake. Mkono wangu ukasimama hapo hapo. Mama mmoja aliyekuwa anamimina maji akaniuliza kama nimechoka, nikamwambia sijachoka, amimine tu. Harufu ya kafuri ilikuwa imejaa chumba kizima, lakini mimi puani nilikuwa nasikia asali na maji ya chumvi ya uvuguvugu, vitu ambavyo havikuwemo mle ndani.

Nyamizi hakuwa wa tumbo moja na mimi. Baba yake alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, aliyeishi Usinge akafia huko huko. Alipoletwa kwetu Tabora, mtaa wa Ng'ambo, alikuwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, na mimi nilikuwa bado nang'oka meno ya mbele. Tukapewa kitanda kimoja cha kamba. Nilimpenda vile watoto wanavyopenda, yaani kwa kumfuata mpaka chooni na kumsubiri mlangoni huku nikimuuliza kama amemaliza.

Wenzangu mliokulia upande ule enzi ya Mwingereza mtakumbuka malale, ule ugonjwa wa usingizi. Watu wa mjini tuliyasikia kwa mbali tu, lakini Nyamizi aliyajua kwa macho. Huku akinisuka alinisimulia jinsi serikali ilivyowatoa watu porini na kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu ya mbung'o wanaoyaambukiza, na jinsi wapimaji waliovaa kaptula za kaki walivyokuwa wakija kuwapanga mstari. Mpimaji anakupapasa nyuma ya shingo kwa vidole viwili. Akikuta tezi limevimba, unasogezwa pembeni, na jioni hiyo unapanda lori kwenda kambini. Mama yake alisogezwa pembeni. Alirudi baada ya miezi, lakini alikuwa tayari amekwisha: akisinzia huku amekaa, akisinzia na tonge mkononi, mpaka siku moja akasinzia na hawakuweza kumwamsha. Nyamizi alikuwa akiyasema haya taratibu, vidole vyake vikiendelea na msuko, na mimi nilikuwa nayameza yote kama yalivyo. Kichwani mwangu yakabaki mambo mawili tu: ukivimba tezi, unalala, na ukilala, huamki.

Akaja kuposwa. Kijana mwenyewe aliitwa Ramadhani, wa karakana ya reli, mpole mpaka unamwonea huruma. Mama yake ndiye aliyekuwa habari nyingine. Bi Tunu alikuwa mwanamke mrefu, mweusi ti, asiyecheka ovyo, na akipita mtaani wanawake waliokuwa wakisengenya walianza ghafla kuzungumzia bei ya mchele. Nyumbani kwetu furaha ilikuwa kubwa, na hofu ilikuwa kubwa zaidi. Mtoto yatima wa Usinge kuingia nyumba ile halikuwa jambo dogo, na baba alikuwa akilirudia hilo kila siku hadi mama akamwomba apumzike.

Desturi ilikuwa kwamba wiki moja kabla ya ndoa wanawake wa upande wa bwana harusi wanakuja kumsinga bibi harusi. Wanamwogesha, wanampaka liwa, wanamsugua msio mwili mzima, na huku mikono inafanya kazi macho nayo yanafanya yake. Hakuna kovu wala kipele kitakachowapita. Nyamizi alikuwa anajua hivyo. Basi siku moja kisimani akainua mikono kujitwika debe, na Zena, dada yake Ramadhani, akamchungulia akacheka. Akasema kumbe huko Usinge watu wanafuga msitu mpaka kwapani. Ulikuwa utani wa wifi, na Nyamizi mwenyewe alicheka. Lakini njia nzima ya kurudi maji yalikuwa yakimmwagikia mgongoni asijali.

Kesho yake aliniweka mlangoni nichunge baba asitokee. Akachukua wembe wa kukunja wa baba, ule aliokuwa akiunoa kwenye mkanda kila Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo ulikuwa butu. Hakutia maji wala sabuni. Alivuta ngozi kwa mkono mmoja, akakwangua kwenda juu, akarudia pale pale, akarudia tena, mpaka pakawa laini kabisa. Kisha akakata limau akajisugua, na nikaona machozi yakimtoka huku amebana meno. Nikamuuliza kama inauma. Akasema usafi una gharama yake, na kwamba nikikua nitajua.

Baada ya siku mbili vinyweleo vikaanza kuchomoza, vikawa vinamchoma kama mabua. Akanyoa tena, na baada ya siku nyingine mbili akanyoa tena. Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani na ndevu zake alizitunza kama cherehani yake, alilalamika kuwa wembe umeharibika, akamtuhumu mama kwamba anakatia nyuzi. Mama akaapa kwa Mungu wake. Mimi nikawa natazama ukuta.

Na kama hiyo haikutosha, baba akamshonea Nyamizi gauni la poplini, mikono ya kubana, mtindo uliokuwa umetoka pwani, na kila jioni alikuwa akimvalisha apime. Lilikuwa joto lile la kabla ya mvua, mnajua, ambalo hata mbwa wanakataa kubweka. Nguo inabana, jasho linatoka, kitambaa kinasugua mahali palipokwanguliwa. Sasa najua kilichokuwa kinatokea mle ndani ya mikono ya gauni. Wakati ule niliona tu kwamba dada yangu ameanza kutembea huku mikono ameitanua kidogo, kama kuku aliyenyeshewa, na kwamba amekataa kubeba ndoo.

Nikagundua mchana mmoja. Alikuwa amelala mkekani, mkono juu ya kichwa, kanga imeshuka. Kwapani palikuwa pamevimba. Kulikuwa na vipele vingi vidogo vyekundu, na katikati yake mavimbe matatu makubwa kama kunde, moja lina kichwa cheupe. Nikaligusa. Aliruka akakaa, akajifunika, akanishika bega. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote wa nyumba hii, hata mama. Nikaapa. Nikatoka nje nikijua kwamba nimeona matezi kwa macho yangu mwenyewe.

Hebu fikirini mtoto wa umri ule. Ametoka Usinge, ana matezi, na analala mchana. Sikujua kwamba analala mchana kwa sababu usiku maumivu yanamnyima usingizi. Pia hakuwa akila vizuri, na akinikumbatia mwili wake ulikuwa wa moto. Zaidi ya hayo, mara mbili tatu nilimkuta uani peke yake anajipapasa nyuma ya shingo kwa vidole viwili, pole pole, huku macho ameyatoa. Akiniona anashusha mkono. Basi nikajipa kazi. Kila akisinzia nilimfinya. Nilimfinya mguu, nilimfinya sikio, siku moja nilimmwagia maji. Alinizaba kofi, na nililia kwa furaha maana mtu anayezaba kofi yuko macho.

Siku chache kabla ya kusingwa akaja Zena na bakuli la liwa, kuleta habari kwamba Alhamisi watafika. Nyamizi alipoisikia sauti yake akakimbilia bafuni uani, akajifungia, akasema anaoga. Zena akakaa kwenye ngazi ya uani, hatua chache kutoka bafuni, akaniuliza kwa kucheka mbona wifi yake anamkimbia. Na mimi moyo wangu ulikuwa umejaa mpaka juu. Nilikuwa nimeapa kutomwambia mtu wa nyumba hii. Zena hakuwa wa nyumba hii. Tena kaka yake alifanya kazi kwenye reli, na nilifikiri labda gari moshi linaweza kumpeleka dada kwa daktari mkubwa kabla hajalala moja kwa moja. Nikamsogelea sikioni nikamwambia dada ana malale, matezi nimeyaona, asilale tafadhali, na kaka yake amsaidie. Zena akaliweka bakuli chini. Akafuta mikono yake kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi akaja mjomba wa Ramadhani, akaketi na baba barazani. Alizungumza kwa adabu sana. Hawakatai, alisema, lakini wamesikia jambo, na wangependa mtoto apimwe kwanza na wapimaji wa serikali. Baba aliitikia kila neno. Mjomba alipoondoka, baba alibaki amekaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona, na mguu wake ulikuwa unakanyaga hewa. Alichokiogopa kilikuwa wazi kwa kila mtu mzima mle ndani: neno malale likifika kwa wapimaji, Nyamizi atachukuliwa na lori, na hata akirudi mzima, hakuna atakayemposa tena Tabora yote. Mchana akaamua. Atamrudisha Usinge kwa bibi yake, kimya kimya, mpaka maneno yapoe.

Mama akamwomba Nyamizi afunue aone. Alimwomba kwa upole, akamwomba kwa ukali, akamwomba kwa jina la marehemu mama yake. Nyamizi alikaa kitandani amebana mikono ubavuni, akatikisa kichwa. Leo namwelewa. Angefunua, angelazimika kusema habari za wembe wa baba mdogo wake na habari za msitu wa kwapani, na aibu ile kwa msichana aliyelelewa kwa hisani ya watu ilikuwa nzito mno. Na chini ya aibu kulikuwa na jingine. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alikuwa amemwona mama yake akianza vile vile, kwa uvimbe mdogo ambao haukuwa kitu.

Mama akauliza nyumba nzima nani aliyepeleka maneno. Nilikuwa jikoni, nimekaa nyuma ya gunia la mkaa, na sikuinuka. Ninasema bila kujitetea: niliogopa kipigo. Mama akaamua ni jirani yetu wa upande wa kushoto, akaacha kumsalimu.

Siku ya pili yake, jua likiwa limeanza kulegea, tukasikia hodi. Alikuwa Bi Tunu mwenyewe, peke yake, na kikapu mkononi. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama kuliko nilivyopenda kutazamwa, akamwambia mama kwamba anataka kukaa na mtoto chumbani, wawili tu. Mimi nilikuwa nimeshatangulia kujificha chini ya kitanda. Naamini aliona miguu yangu.

Akaketi kitandani, kamba zikalia juu ya kichwa changu. Kisha akamwambia Nyamizi ainue mkono. Nyamizi hakuinua.

"Sawa," akasema Bi Tunu. "Basi nitazame mimi kwanza."

Nikatoa kichwa. Yule mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwogopa alikuwa ameshusha kanga yake begani, ameinua mkono wake mrefu juu, na kwapani kwake kulikuwa na makovu, mengi kuliko ninavyoweza kuyataja, meusi, mengine yamefanya mabonde. Akasema hayo ni ya wiki ya arusi yake. Alitoka Sikonge, binti wa mrina asali, akaja mjini kuolewa, wanawake wakamcheka, akachukua wembe wa mtu akajikwangua mpaka damu. Siku ya kusingwa alikuwa na homa. Mama mkwe wake aliyaminya yale majipu kwa kucha mbele ya wanawake wote, na wote walicheka, na yeye hakulia. Alilia baadaye, alisema, mwaka mzima.

Nyamizi akainua mkono. Aliuinua polepole huku uso ameugeuzia ukutani. Bi Tunu akasogea, akatazama bila kugusa, akavuta pumzi. Halafu akampapasa nyuma ya shingo, kulia na kushoto, kwa makini kama mpimaji yeyote, na nikaona mgongo wa dada yangu umekakamaa kama ubao.

"Shingo yako haina kitu, mwanangu," akasema. "Haya siyo malale. Hapa vinyweleo vimejikunja vikarudi ndani ya ngozi, vimeivia humo. Huna ugonjwa. Ulikuwa na wembe mbaya."

Nyamizi akamwangukia kifuani akalia, kilio kile cha mtu aliyekuwa amejiandaa kufa. Bi Tunu hakumbembeleza kwa maneno. Alimshika kichwa tu, mkono mmoja, na mkono wa pili ukawa unatoa vitu kikapuni: kitambaa cheupe kilichochemshwa, chumvi, na chupa ya asali ya miombo iliyoletwa na ndugu zake wa Sikonge. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, yule aliye chini ya kitanda alete maji ya moto.

Nikaleta. Akayapoza mpaka yakawa ya uvuguvugu, akatia chumvi kidogo, akalowesha kitambaa akakikandika kwapani na kukiacha hapo mpaka kikapoa, akarudia. Alisema ifanyike hivyo asubuhi na jioni. Lile lenye kichwa lisiminywe, litapasuka lenyewe likiwa tayari, na hapo lisafishwe lipakwe asali nyembamba. Homa ikipanda au wekundu ukitambaa kuelekea kifuani, asingojwe mtu, apelekwe hospitali kwa dresa anayetibu vidonda. Wembe usiguse hapo mpaka kila kipele kiishe. Limau ni la kuliwa. Akaulizia nguo, akaonyeshwa lile gauni la poplini, akalishika mikono akatoka nalo mpaka barazani kwa baba.

Akamuuliza kama alichoshona ni gauni au pingu. Baba, fundi aliyekuwa akisifiwa mpaka Kaliua, akalipokea akafumua mikono yote miwili palepale.

Mama akamuuliza kwa aibu nani hasa aliyeanzisha yale maneno. Bi Tunu alijua vizuri. Zena alikuwa amemweleza neno kwa neno. Akanitazama, nami nikaiona Akhera. Akajibu kwamba maneno ya mtaani hayana baba wala mama, na kwamba jirani wa upande wa kushoto asalimiwe. Arusi ikasogezwa mbele, na kwa kila aliyeuliza Bi Tunu alisema anamsubiri kaka yake kutoka Kigoma. Hakuwa na kaka Kigoma. Alikuwa na mkwe mwenye majipu, na alimfichia.

Alikuja kila siku mbili, akikanda na kufundisha. Ngozi ya kwapa ni laini, alikuwa akisema, na nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo ukizikata chini sana zinapotea njia zikirudi. Ukinyoa, osha kwanza kwa maji ya moto, tia povu la sabuni, wembe uwe umenolewa siku hiyo na uwe wako peke yako. Usivute ngozi. Fuata nywele zinakolala, usipite mara mbili mahali pamoja. Ukimaliza, maji baridi, nguo pana, na usitie manukato siku hiyo. Halafu paache pakae wiki kadhaa. Na mwenye ngozi korofi apunguze kwa mkasi tu aridhike, maana hakuna mume aliyemwacha mkewe kwa kinyweleo. Hayo ninayafundisha mpaka leo, na vijana wananiona nimezeeka.

Vipele vilinywea. Mavimbe mawili yakalala yenyewe, la tatu likapasuka, na yote matatu yakaacha zile alama. Siku ya kusingwa Bi Tunu mwenyewe alishika makwapa, hakumwachia mtu, na Zena aliposogea na msio akaambiwa abaki miguuni.

Mimi lakini sikuwa na amani. Watu walicheka, pilau likapikwa, na mimi nikawa namkwepa Nyamizi. Asubuhi ya arusi nilimkuta Nyamizi amekaa mkekani, hina imekauka mikononi, wanawake wametoka kidogo kupokea wageni. Nikapiga magoti nikamwambia ni mimi niliyemwambia Zena. Nilikuwa nalia kabla sijamaliza.

Akasema anajua.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ile ile. Alikuwa bafuni, na ukuta wa bafuni ulikuwa wa mabua. Nikamuuliza basi mbona hakunipiga, mbona hakunisema kwa mama, wakati walikuwa wanataka kumrudisha Usinge kwa ajili ya mdomo wangu.

Hakuweza kunishika kwa sababu ya hina, kwa hiyo aliweka paji lake la uso kwenye paji langu.

"Nyumba nzima ilikuwa inaogopa kwamba sitaolewa," akaniambia. "Aliyeogopa kwamba nitakufa ulikuwa wewe peke yako."